Mashine Bubu ya Mwalimu

Benchi lenyewe si kitu cha kumwonyesha mgeni. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kibanda cha kutengenezea redio, pale njia ya sokoni inapokutana na njia ya shuleni, na ubao huo umesuguliwa na makalio ya watu walewale mpaka umeng'aa. Upande wa kulia hukaa Hakimu. Hajawahi kuwa hakimu hata siku moja. Alikuwa tarishi wa mahakama, kazi yake kufungua mlango na kuita majina ya watu, lakini amesikiliza kesi nyingi mno hata siku hizi anaamini alizihukumu yeye. Katikati hukaa Mabati, mtengeneza ndoo na masanduku, ambaye amegonga bati tangu ujana na huongea kana kwamba nyundo bado inagonga. Upande wa kushoto, kwenye kigoda chake kando ya jiko, yuko Shangazi na birika la kahawa. Wote wanamwita Shangazi, hata Hakimu anayemzidi umri. Chini ya ubao hulala paka wa fundi viatu. Na mwenye ukuta, anayetoka kibandani na kuketi kila mkono ukimchoka, ni Fundi Masafa.

Huyu Masafa, jamani, alikuwa fundi. Zamani mtu alikuwa anapita njiani na redio yake begani, na kabla hajakata kona Masafa ameshasema inaumwa nini. Jina hilo hakujipa, alipewa. Watu walikuwa wanaacha mafundi wa mtaani kwao wanamfuata yeye, naye alikuwa anaweka sikio kwenye spika, anafumba macho, halafu ananyoosha kidole pale pale penye ubovu.

Alasiri moja alitoka kibandani na mashine ndefu mkononi, uso umemshuka. Ilikuwa na mpini wa kushikia, kisanduku cha waya katikati na sahani ya duara chini. Ni mashine ya kutafutia vyuma vilivyofukiwa ardhini. Ukiipitisha juu ya sarafu, inalia. Mwenye mashine ni Mwalimu, mama mmoja mstaafu ambaye kila jioni hutembea nayo kwenye uwanja wa soko la zamani lililobomolewa. Ameokota huko sarafu za matundu zilizotumiwa na mababu, funguo zisizo na milango, mawe ya mizani, vifungo vya makoti, na vyote amevipanga shuleni kwenye kabati la kioo ili watoto wajue kwamba kabla yao palikuwa na watu. Sasa uwanja ule unawekwa lami. Greda linaingia keshokutwa, na kesho alfajiri Mwalimu anakuja kuchukua mashine yake aende kwa mara ya mwisho. Kitakachobaki chini kimebaki.

Hilo peke yake lingetosha kumnyima mtu usingizi. Lakini Masafa alikuwa na lake jingine, na kijiwe kizima kililijua. Binti yake, anayeishi ng'ambo ya mji, amekuwa akimwomba muda mrefu afunge kibanda ahamie kwake. Anasema baba amechoka, na wateja wanarudisha redio wakilalamika zinakoroma. Siku waliyozozana kweli, Masafa alisimama mbele ya watu wote akamwambia:

— Siku mashine itakaponishinda, nitafunga mwenyewe. Wala hutanisikia nikilalamika.

Binti alikubali kwa kichwa tu, na Hakimu akasema mapatano hayo yamesajiliwa. Sasa leo binti anakuja. Jana alipopiga simu, Masafa alimwambia ana mashine ya Mwalimu na bado anaiangalia.

Ukweli ni kwamba ameiangalia mpaka macho yamemtoka. Spika yake iliingia maji ikachanika, na spika ya namna hiyo haipatikani tena, kwa hiyo akaweka kitoa mlio kidogo kama kifungo cha shati, alichokichomoa kwenye king'ora cha gari lililokufa. Akalehemu vizuri. Kimya. Akakitoa akaweka kingine, ndugu yake wa tumbo moja. Kimya. Alipima kila waya kwa mita, na mita ikasema umeme unafika mpaka mwisho. Umeme unafika na sauti hakuna. Katika maisha yake yote ya kazi hajaona kitu cha namna hiyo, na moyoni alianza kujiambia neno ambalo hakutaka kulitoa mdomoni: mikono imekwisha.

Akaketi kati ya Mabati na Hakimu, akawasha mashine, akapitisha sahani juu ya kizibo cha soda kilichokuwa miguuni pake.

— Mnaona? akasema. Bubu.

Wazee wakainamisha vichwa, wakasikiliza. Kweli, hakuna kitu. Paka peke yake aliinuka chini ya ubao, akajinyoosha vibaya, akaondoka kwa haraka kuelekea kwa fundi viatu bila kugeuka nyuma.

Mabati alikuwa wa kwanza kumtetea rafiki yake. Alisema kosa si la mashine wala la fundi, ni la kizibo. Vizibo vya siku hizi ni bati la karatasi, yeye anayejua bati asingekubali kutengenezea hata kifuniko cha sufuria. Akaingia karakanani kwake hapo jirani, akarudi na nyundo yake kubwa, akailaza chini kwa heshima.

— Pitisha hapo. Hicho ndicho chuma.

Masafa akapitisha. Kimya. Akarudisha tena polepole, sahani ikikaribia kuigusa nyundo. Kimya vilevile.

— Basi nyundo imechoka, Mabati akasema baada ya kuitazama sana. Chuma kikifanyishwa kazi miaka yote hiyo, nguvu inakiisha. Wala si ajabu. Hata mimi nikipimwa sitalia.

Hakimu akakohoa, kile kikohozi chake cha kufungulia mlango wa mahakama. Alisema maelezo ya Mabati yamesikilizwa na yametupwa. Kwa maoni yake, mashine hii imezoea mikono ya Mwalimu, na Mwalimu ni mtu wa mambo ya kale. Ameifundisha kutafuta vitu vya zamani tu. Ukiiwekea kizibo cha jana na nyundo iliyo kazini, inadharau. Iletewe kielelezo cha kale ndipo itatoa ushahidi.

— Tukulaze wewe, Mabati akamwambia.

— Mimi sina chuma mwilini.

— Una kichwa.

Shangazi akacheka, akafungua fundo la kanga yake, akatoa mkufu wa funguo. Kati ya funguo ilikuwapo sarafu ya tundu, ya zamani, ambayo hata yeye hajui imetoka wapi. Aliikuta kwenye sanduku la mama yake. Akaiweka chini. Halafu, kabla hajakaa sawasawa, akageukia jiko lake akafunua kifuniko cha birika, akachungulia ndani, akakunja uso.

— Birika leo lina nini? Linapiga mluzi na maji hayajachemka.

Hakuna aliyemjali. Wote walikuwa wameikodolea macho sarafu. Masafa aliipitishia sahani kulia, akaipitishia kushoto, akashusha sikio lake la kulia mpaka karibu ya kisanduku, kisha la kushoto. Wenzake walimwona anavyofumba macho kama zamani, na walimwona anavyoyafumbua.

— Haisemi, akasema.

Hapo ndipo Mabati na Hakimu walipofanya kazi ambayo hawakuambizana. Kama Masafa atafunga kibanda, ukuta utapangishwa mtu mwingine, na mtu mwingine anaweza asipende wazee ukutani pake. Lakini hata hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba walimpenda. Wamekaa naye hapo tangu nywele zikiwa nyeusi, na kuona mikono yake imelala mapajani namna ile kuliwauma. Kwa hiyo wakaanza kutunga, kila mmoja akimpokea mwenzake mzigo, ilimradi mashine ikosee, ardhi ikosee, dunia nzima ikosee, lakini si Masafa.

Mabati alianza na paka. Je, hawakumwona paka alivyoondoka? Paka yule hajaondoka chini ya benchi hata siku lilipopita gari la matangazo. Leo mashine imewashwa tu, huyo anakimbia. Kuna kitu chini hapa paka amekiona.

— Ushahidi wa mazingira, Hakimu akakubali. Unapokelewa.

— Na birika, Mabati akaendelea, sauti ikimpanda. Shangazi, si umesema linapiga mluzi na maji ni baridi?

— Nimesema vuguvugu.

— Ni yaleyale. Birika lako ni shaba. Na chini hapa kuna shaba nyingine, nyingi, inaliita.

Hakimu alifumba macho kidogo kama anayetafuta jalada kabatini. Kisha akaanza kukumbuka kesi. Zamani, akasema, wakati soko la zamani bado limesimama, palikuwa na mtunza hazina wa soko, mtu mnene mwenye miwani, ambaye alishtakiwa kwamba sanduku la makusanyo limepotea mikononi mwake. Hakimu mwenyewe ndiye aliyemwitia jina mlangoni. Yule bwana aliachiwa huru kwa kukosekana ushahidi, na sanduku halikuonekana mpaka leo. Sasa basi, mtu anayetoka sokoni na sanduku zito, anakimbia kuelekea mjini, akichoka anachokea wapi?

— Kwenye kona, Mabati akasema.

— Kona ipi?

— Hii.

— Nawaachia wenyewe, Hakimu akasema, akakunja mikono.

Masafa aliuliza swali la kifundi. Kama kweli kuna sanduku zima la sarafu chini yao, mashine ilipaswa kupiga kelele mpaka shuleni wasikie. Mbona iko kimya?

Hakimu alikuwa amelitegemea swali hilo. Alijibu taratibu, akimtazama rafiki yake kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha mshtakiwa yeyote.

— Imepigwa butwaa, Fundi. Sarafu moja, inalia. Sarafu mbili, inalia. Sasa kaona mali ya soko zima, sauti imekauka. Wewe umeitengeneza vizuri kupita kiasi. Inaona mno.

Masafa alitaka kucheka, akajizuia. Alijua wanachofanya. Mtu huwezi kukaa na watu miaka yote hiyo usijue wanapokudanganya kwa mapenzi. Akapokea kikombe alichopewa na Shangazi, akanywa, akawaacha waendelee, maana wakati wanaendelea alikuwa bado fundi.

Nao waliendelea, tena kwa vitendo. Mabati alikuja na sururu. Ikabidi benchi liondolewe. Wakauinua ule ubao wote watatu, Hakimu akisimamia zaidi kuliko kuinua, wakauegemeza ukutani, wakasogeza na matofali. Pale ulipokuwa, ardhi ilikuwa nyeusi na laini, haijaona jua tangu ubao ulipowekwa. Ilikuwa ajabu kuona mahali pao pakiwa padogo namna ile. Shangazi alifunua birika mara nyingine, akalitikisa, akaliweka chini mbali na moto. Kisha akalitazama kwa mashaka, kama anavyotazamwa mtoto anayesingizia kuumwa.

— Na sasa liko chini, akanung'unika, na bado linaimba.

— Si nimekwambia linaitwa, Mabati akasema.

Masafa alisimama juu ya ardhi ile na mashine. Alijiambia kwamba hii ni ya mwisho. Kama chini pana sanduku au hapana, chini ya benchi la watu hapakosi hata pini. Akashusha sahani, akaizungusha pole pole kona mpaka kona. Akarudia. Wenzake walishikilia pumzi, na njia nzima ilionekana kunyamaza pamoja nao.

Hakusikia chochote.

— Basi, akasema. Imenishinda.

Alilisema wazi, bila kulalamika, kama alivyoahidi. Mabati aliegemea mpini wa sururu akatazama pembeni. Hakimu alifungua mdomo, akasema shauri hili linaahirishwa mpaka tarehe nyingine, lakini sauti haikuwa na nguvu, na hakuna aliyemsikiliza. Masafa alikuwa amekwisha kuanza kufikiri mambo ya kufunga: nani atachukua mita, nani atachukua makopo ya skrubu, na zile redio za rafuni ambazo wenyewe hawajazirudia atawaambiaje.

Ndipo binti yake alipotokea, akitoka njia ya sokoni na mfuko mkononi. Alikuwa anatembea haraka, na alipowakaribia aliweka kiganja kwenye sikio moja. Hata hivyo hakusahau adabu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu, wakajibu kwa pamoja.

Akatazama benchi lililoegemezwa ukutani, akatazama sururu, akamtazama baba yake na mashine mkononi. Akauliza:

— Baba, mnawezaje kukaa hapa na kelele hizi?

Wazee wakatazamana.

— Kelele zipi? Hakimu akauliza.

Binti alicheka kidogo, akidhani ni utani wa kijiweni. Akangoja nao wacheke. Hawakucheka. Akawatazama mmoja mmoja, na cheko lake likapungua taratibu mpaka likaisha. Akaweka mfuko chini, akamsogelea baba yake, akaichukua mashine mikononi mwake. Akaiinua juu, mbali na ardhi.

— Sasa imenyamaza, akasema. Akaishusha. Sasa inalia. Akaipeleka juu ya nyundo ya Mabati. Hapa inapasua masikio. Nimeisikia tangu kule kwenye duka la vitambaa.

Aliiinua na kuishusha, akaiinua na kuishusha, na kila mara akiwatazama. Mabati alikuwa ameinamisha kichwa, mdomo wazi, kwa nguvu zote anazotumia mtu kusikiliza. Hakimu alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio. Hakuna aliyesema amesikia.

— Ni sauti nyembamba? Shangazi akauliza kutoka kwenye kigoda. Kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua?

— Hiyohiyo, Shangazi.

Shangazi akaligeukia birika lake na kulitazama kwa aibu, kama mtu aliyemsingizia jirani.

— Na mimi nimeshinda nafunua kifuniko.

Furaha ilimfika Masafa kwanza. Ilimjaa kifuani hata akashika ukuta. Mashine inalia. Ililia siku ile ile ya kwanza alipolehemu, ikalia mezani, ikalia alasiri yote juu ya kizibo na nyundo na sarafu. Mikono haikuwa imekwisha. Kile kitoa mlio cha king'ora kilikuwa na sauti ya juu, nyembamba, na yeye alikuwa amekilehemu sawasawa. Alitaka kuwaambia wenzake, na alipogeuka kuwaambia ndipo jambo la pili lilipomfika, na hilo lilifika polepole. Akaketi juu ya tofali.

Mabati, ambaye sauti yake haijawahi kuwa ndogo, aliongea kwa sauti ndogo.

— Mimi nilijua masikio yangu mabovu. Nimegonga bati maisha yote, yangekuwaje mazima? Lakini nilikuwa nategemea yako, Fundi. Nikikuona umetulia, najua pametulia.

— Mimi nilidhani watu wa siku hizi wanaongea chini, Hakimu akasema. Nikasema moyoni, angalau wamepata adabu.

Binti alichuchumaa mbele ya baba yake. Akamwuliza taratibu, akielekeza uso wake kwenye uso wake:

— Kwa hiyo kwenye simu, baba, unaposema mtandao mbovu...

— Nasikia unaongea, mwanangu. Najua ni wewe na najua una furaha au huna. Maneno ndiyo yanapotea. Basi nasema ndiyo.

— Unasema ndiyo tu?

— Kwa mtoto wangu ningesema nini kingine?

— Baba, nimepaka rangi chumba chako. Nilikuuliza kama nikipake kijani. Ukasema ndiyo.

— Kijani, Masafa akasema. Akawaza. Kijani si kibaya.

Binti alitaka kumkasirikia, ikashindikana. Alicheka huku akifuta macho kwa mgongo wa mkono, akainuka ili wasimwone vizuri. Akaishika tena mashine, kwa kutafuta la kufanya, akaipitisha juu ya ile ardhi nyeusi ya chini ya benchi. Akasema hapa inalia. Na hapa. Na hapa pia. Kila mahali.

Hapo Mabati akapata uhai. Sururu waliiweka kando, maana binti alisema kinacholia kiko juujuu. Walichimba kwa kijiko cha Shangazi na kwa vidole, wazee watatu wamepiga magoti mbele ya ukuta, mpita njia mmoja akadhani kuna mtu amepoteza jino. Sanduku la soko halikuwapo. Kilichotoka kwanza kilikuwa ribiti nyingi za Mabati, vijimisumari vya kuungia bati, zile zilizokuwa zikimwanguka mfukoni kila akiketi. Kikafuata kijiko kidogo, ambacho Shangazi alikitambua na kukumbuka kwamba alimfukuza mteja mmoja kwa sababu yake, mtu wa watu, hata salamu hawakupeana tena. Kisha Hakimu akatoa kitu cha duara, akakifuta kwenye suruali, akakiinua kwenye mwanga.

Kilikuwa kifungo cha shaba cha sare ya mahakama. Siku anastaafu alirudisha koti lina kifungo pungufu, akasemwa mbele ya watu, na kwa muda mrefu baadaye alikuwa anaamini Mabati alikiiba akakiyeyusha. Walikaa benchi moja misimu kadhaa bila kuongea, huyu akimtumia yule salamu kupitia kwa Shangazi.

— Uliniita mwizi, Mabati akasema.

— Hukumu hiyo inafutwa.

— Leo?

— Leo. Na gharama zote juu yangu. Shangazi, mpe kahawa.

Masafa naye alipata chake: bisibisi ndogo ya mpini mwekundu, aliyokuwa ameitafuta mpaka akanunua nyingine. Chuma kimeota kutu, mpini umefifia. Akaikunjia ngumi. Binti aliziangalia zile takataka zao zilivyopangwa kwenye kifuniko cha birika, akasema Mwalimu angepita hapa angezichukua zote akazitie kwenye kabati la kioo.

— Atutie na sisi, Hakimu akasema. Tumeshakuwa wa kale.

Wakacheka, na wakaurudisha ubao juu ya matofali yake, na paka, alipoona mashine imezimwa, akarudi mahali pake bila kumwomba mtu radhi. Lakini binti hakuketi. Alikuwa bado na jambo lake, na wote walijua, na Hakimu akaamua kulitangulia. Alisimama. Akasema mapatano yalikuwa kwamba fundi atafunga siku mashine itakapomshinda. Mashine hii haikumshinda. Imelia tangu siku ya kwanza, na shahidi ni binti mwenyewe kwa masikio yake mwenyewe. Kwa hiyo kibanda kiko wazi.

— Nakubali, binti akasema. Haikumshinda.

Akamgeukia baba yake, si Hakimu, na aliongea bila ukali wowote, ndiyo maana iliwachoma.

— Lakini kesho mtu akileta redio inakoroma, baba, nani atakusikilizia?

Hakimu aliketi. Mabati alizitazama ribiti zake. Masafa alizungusha bisibisi yenye kutu kati ya vidole vyake, akafikiri jibu la kwanza, akaliacha, akafikiri la pili. Chumba cha kijani kilikuwa kizuri, na mtoto alikuwa mwema, na yeye angekufa humo kwa ukimya. Alitamani kumwambia hivyo, lakini angemwumiza bure, akabaki kutazama chini.

Shangazi alifunga fundo la kanga yake vizuri. Akakamata jiko kwa vitambaa viwili, lenye moto wake, akalitoa mwisho wa benchi alikokaa siku zote, akalibeba akipita mbele ya magoti yao wote watatu, akalitua mlangoni mwa kibanda. Akarudi kuchukua kigoda, akakipitisha ndani, karibu na meza ya kazi. Wakamsikia anasogeza makopo. Wakamwona, kupitia mlangoni, anachukua redio moja ya rafuni, anaizungusha, anaiwasha, anaweka sikio lake kwenye spika na kufumba macho.

— Fundi, akaita, kwa sauti ya kutosha mzee kusikia. Hii inakwaruza ukiongeza sauti, na ukiigonga hapa ubavuni inaacha. Njoo ufungue.

Masafa aliinuka. Hakumtazama mtu. Alipopita karibu na binti yake alimgusa bega, akaingia ndani na bisibisi yake ya kutu mkononi.

Binti alibaki amesimama pale nje na swali lake. Baadaye kidogo akavuta pumzi, akaketi kwenye benchi, katikati ya Hakimu na Mabati, mahali pa baba yake, nao wakasogea wampe nafasi. Birika lilikuwa chini, mbali na moto, limenyamaza. Akauliza kama anaweza kupata kahawa.

— Jimiminie mwenyewe, mwanangu, Shangazi akajibu kutoka ndani. Mimi niko kazini.